Miezi Mitatu Bila Kukalia Makalio

Kwa miezi mitatu mizima niliamini kwamba mbio za mtu hukaa ndani ya makalio yake, kama maji ndani ya mtungi, na kwamba akiketi zinavuja. Sikuamini kwa mzaha. Niliamini nikiwa mtu mzima wa miaka ishirini na minne, mwenye ndevu, mwenye kazi, tena mwanafunzi wa shule ya jioni anayejua kuchora utumbo mwembamba na kuuwekea mishale. Nilijua hata viwango vya kuvuja. Ukikaa juu ya jiwe, mbio zinatoka polepole. Ukikaa kwenye kiti cha plastiki zinatoka haraka, kwa sababu plastiki inafyonza. Kochi ndilo hatari kuliko vyote. Kochi moja la sponji, kwa hesabu zangu, lingeweza kummaliza bingwa wa dunia kwa alasiri moja, akarudi kwao akitembea kama aliyemeza matofali.

Kwa hivyo sikukaa. Nilikula ugali nimesimama. Nilinyolewa nimesimama, kinyozi akapanda juu ya kreti la soda na kunilaani kuanzia sikio la kushoto hadi la kulia. Kanisani watu walipoketi kusikiliza mahubiri mimi nilibaki wima peke yangu, mpaka mhubiri akadhani nimeguswa na Roho akaniita mbele niombewe. Niliombewa, nimesimama, na watu wawili wakanishika mgongoni nisianguke.

Na ili uone ukubwa wa jambo lenyewe, kazi yangu ni kushona viatu. Hakuna fundi viatu anayesimama. Kazi yetu ni ya kigoda: magoti yanashika kiatu, mapaja yanashika gundi, mgongo unajikunja kama konokono. Mimi nilipigilia visigino nimesimama, kiatu nimekibana kwenye mlango wa kibanda changu hapo mtaani Kambi Muru, Nairobi, kama daktari anayemtibu mgonjwa aliyekataa kulala.

"Fundi, kiti kimekufukuza?" aliniuliza mama mmoja mteja wangu, akingojea kiatu cha shule cha mtoto wake.

"Ni mazoezi, mathe."

"Mazoezi ya kusimama? Hata nguzo ya stima inafanya hayo, na sijaiona ikishinda mbio."

Nilicheka naye. Sikumweleza siri yangu, maana niliona nikimwambia ataipeleka kwa watoto wake, na watoto wake walikuwa wepesi tayari.

Aliyenipa siri hiyo alikuwa rafiki yangu, na hapo ndipo panapouma. Uongo wa mtu usiyemjua unapita kama vumbi. Unafuta macho, unaendelea na safari. Huu wangu ulitoka kwa mtu niliyelala naye mzungu wa nne kwenye godoro moja mwaka mzima, miguu yake ikiwa puani kwangu. Tulikulia upande mmoja huko magharibi, vilima viwili tu kati ya kwao na kwetu. Alipofika Nairobi, akiwa na begi lenye zipu iliyokufa, alifikia kwangu. Nikaishona zipu. Nikamwonyesha vichochoro vinavyopitika mvua ikinyesha na vile vinavyokuacha bila kiatu. Nikamtafutia kazi ya kusukuma mkokoteni wa maji. Waliotuona pamoja walidhani ni ndugu, na hakuna kati yetu aliyewasahihisha.

Tulichopenda wote wawili ni mbio. Jumapili baada ya ibada, vijana wa makanisa yetu walikuwa wakishindana kwenye kiwanja kimoja karibu na mtaa wa Olympic, na katika mita mia mimi na yeye tulimaliza wa kwanza na wa pili kila wiki. Leo mimi, wiki ijayo yeye. Ukiniuliza leo nitakwambia nilishinda mara nyingi zaidi. Ukimuuliza yeye, usiamini.

Jumapili moja akaja mwanamke mrefu mwenye saa ya kuhesabu mbio shingoni. Alikuwa kocha wa klabu ndogo ya Kawangware, klabu iliyofanyia mazoezi kwenye uwanja wa mwenye ploti mmoja ambaye alikuwa bado hajaamua kuujenga. Akatutazama tukikimbia, halafu akatuita.

"Nyinyi wawili mna haraka, lakini hamna nguvu. Geukeni."

Tukageuka, mbele ya kanisa zima.

"Unaona?" akasema, na sijui alikuwa akimwambia nani. "Huyu afadhali. Huyu mwingine amepigwa pasi nyuma."

Huyu mwingine nilikuwa mimi. Kwaya yote ilicheka, hata wale wa sauti ya nne ambao kwa kawaida hawacheki.

"Mita mia inasukumwa kutoka huku," kocha akaendelea, akipiga nyonga yake kwa ngumi. "Makalio ndiyo injini. Miguu ni magurudumu tu. Jengeni hapo nyuma, kwa kuruka, kwa kilima, kwa uzito, halafu mje kwangu baada ya miezi mitatu. Nina nafasi moja ya mita mia. Moja. Mtakimbia, nitachukua mmoja."

Nieleze kwa nini nafasi hiyo moja ilinishika roho. Mimi nilikuwa sijawahi kuchaguliwa. Shule ya msingi nilikuwa mchezaji wa akiba wa timu iliyokuwa na watu kumi na mmoja. Walicheza kumi, mimi nikabaki akiba. Kidato cha pili nikaacha shule. Kwaya ilinikubali kwa sharti kwamba nifungue mdomo bila kutoa sauti. Hata shule ya jioni, ile ambayo majirani waliiita gumbaru, darasa la wazee wasiojua kusoma, ili kunitania, nilijiandikisha mwenyewe. Sasa kocha alikuwa ametuambia kwamba mlangoni mwa klabu yake kulikuwa na orodha ya wakimbiaji, jina na umbali, na kwamba mbele ya mita mia palikuwa wazi. Nilitaka mtu mwingine, akiwa na kalamu yake, aandike jina langu pale.

Kocha alisema atatutumia mazoezi kwa ujumbe wa sauti. Simu yangu ilikuwa kabambe, simu ya vitufe inayojua kupiga, kupigiwa na kumulika njia. Kwa hivyo akachukua nambari ya rafiki yangu. Hilo halikunisumbua hata kidogo. Masikio yake na yangu niliyahesabu kuwa ni yale yale.

Jumatatu jioni alisimama kando ya mkokoteni wake, simu imebanwa sikioni, akisikiliza huku akitikisa kichwa kama mtu anayepokea maagizo ya jeshi. Mimi nilingoja. Alipomaliza akaiweka mfukoni.

"Haya, buda. Amesema kuruka. Amesema kilima. Amesema uzito kwenye nyonga. Na amesema hakuna kukaa."

"Kukaa aje?"

"Kukaa, kukaa! Hivi watu hukaa. Ukikaa, mbio zinavuja."

"Zinavuja kutoka wapi?"

"Sasa wewe msomi, unadhani yanaitwa makalio kwa nini? Ni kwa sababu watu wameyakalia. Uache kuyakalia uone kama hayatakuwa kitu kingine."

"Kitu gani?"

"Injini. Si ulimsikia?"

Nilikuwa nimemsikia. Neno injini lilitoka kinywani mwa kocha mwenyewe, na uongo mzuri siku zote hupanda juu ya kitu ulichokwisha kukisikia. Nikabakiwa na swali moja tu.

"Na chooni?"

Akafikiri. "Chooni ni kuchuchumaa. Hiyo ni mazoezi."

Tulianza kesho yake alfajiri. Mwinuko wetu ulikuwa ule wa kutoka Soweto West kupanda kuelekea Olympic, njia yenye mawe yaliyochongoka na mtaro katikati. Unakimbia juu kwa nguvu zako zote, magoti yanapanda, unasukuma ardhi nyuma kama unaifukuza, na ukifika juu unahisi moto chini ya mgongo, mahali ambapo mimi sikujua kama nina kitu. Halafu tuliruka mtaro kwa miguu yote miwili, kwenda na kurudi. Halafu lile zoezi la nyonga: mabega juu ya benchi, mtungi wa maji wa lita ishirini juu ya kiuno, unashusha nyonga, unazipandisha, unazibana kule juu. Siku ya kwanza tulipolifanya nje ya kibanda changu, yule mama wa kiatu cha shule alipita, akasimama, akatutazama kutoka kichwani hadi miguuni.

"Sasa nyinyi mnajifungua nini?"

"Injini, mathe," akajibu rafiki yangu, na tukacheka mpaka mitungi ikatumwagikia.

Nakumbuka kicheko hicho kuliko mambo mengine yote ya miezi ile. Kilikuwa cha kweli. Ndicho kinachonichanganya mpaka leo: kwamba mtu anaweza kucheka nawe kwa moyo safi huku amekuficha kitu kwenye mfuko huo huo anaowekea simu.

Kwa maana tazama jinsi tulivyofanya. Yeye alipanda kilima mara sita, akaacha. "Mimi nasukuma maji mchana kutwa," alinieleza, "kwangu sita zinatosha. Wewe kazi yako ilikuwa ya kukaa. Una kukaa kwingi mwilini. Kocha amesema wewe ishirini, na usisimame kati." Nilipanda ishirini. Kuna siku nilipanda mia mbili, ingawa nikihesabu vizuri huenda zilikuwa ishirini na mbili. Na kati ya mbio zake sita, kamba za viatu vyake zilikuwa zikifunguka. Kila alipofika juu zilifunguka, na alipiga goti pembeni kuzifunga kwa dakika nne nzima huku mimi nikishuka na kupanda. Kama fundi, nilisikia aibu. Nilimbadilishia kamba. Nikazipaka nta. Nikatoboa upya matundu yake. Bado zikafunguka! Nilianza kudhani vidole vyake vina ugonjwa.

Nilifanya hivyo kila siku, Jumapili pia, hata zile siku ambazo yeye alisema mkokoteni unamngoja, kwa sababu kocha, niliambiwa, alikuwa amesema makalio hayajui Sabato.

Kama kungekuwa na mtu wa kuniamsha, ni mwalimu wetu wa Kiswahili wa shule ya jioni, mwanamke makini aliyevaa miwani miwili kwa zamu. Nilikuwa nikisimama nyuma ya darasa kila kipindi, daftari nimelibandika ukutani. Jioni moja alitufundisha kuunda nomino kutokana na vitenzi. Funika, kifuniko. Ziba, kizibo. Mimi mkono juu.

"Mwalimu, na makalio?"

Darasa lilipasuka. Askari mmoja wa usiku, mwanafunzi mwenzangu, alipiga meza kwa rungu lake. Lakini mwalimu hakucheka. Aligeuka akaandika ubaoni kwa herufi nzuri.

"Kaa. Kalia. Kalio. Wingi, makalio. Ni kitu cha kukalia."

"Kwa hivyo mtu asipoyakalia, mwalimu, hayawi makalio tena?"

"Unauliza kisarufi?"

"Kisarufi."

Akavua miwani ya kwanza, akavaa ya pili. "Kisarufi," akasema polepole, "mtu anaweza kujenga hoja."

Nilitoka pale nimevimba. Lugha yenyewe ilikuwa imekubali! Yule askari akaniambia mlangoni, "Wewe simama tu, lakini kesho usimame pembeni, mgongo wako unatuzibia saa ya ukutani." Sikumjali. Nilikuwa nimepata ushahidi wa maandishi.

Mwili wangu ulikuwa na maoni mengine. Mwezi wa pili magoti yalianza kulia kama bawaba. Asubuhi nilishuka kitandani kwa awamu tatu. Kule nyuma, mahali pa injini, hapakuongezeka kitu. Nadhani palipungua, kwa sababu suruali yangu ya kazi ilianza kuning'inia kama pazia la jirani aliyehama. Rafiki yangu kwa upande wake alikuwa akijaa. Nilimwona kwa macho yangu, wiki baada ya wiki, akiumbika kule nyuma kama anayefinyangwa na mfinyanzi. Kaptura yake ikawa inakataa kupanda. Wasichana wa bombani wakaanza kumwita wamsaidie kubeba maji, na yeye ndiye aliyekuwa akiyauza.

"Buda, haga zako zimetoka wapi?" nilimuuliza, nikiwa na wivu na furaha pamoja.

Akanitazama kwa huruma. "Wewe unakaa kisiri."

"Haki ya Mungu sikai."

"Labda ukilala. Labda unajikunja ukilala, unakuwa kama umekaa."

Tangu siku hiyo nililala nimenyooka kama rula.

Alhamisi moja, zikiwa zimebaki wiki mbili, nilikwenda Kawangware kwa miguu kuchukua soli. Nina muuzaji wangu huko anayejua kukata mpira wa gari ukatii. Nikiwa narudi nilipita nyuma ya ule uwanja wa klabu, uliozungushiwa mabati, na kupitia tundu la msumari nikasikia sauti ya kocha.

"Bado. Kaa hapo. Dakika mbili zimebaki."

Nikaweka jicho kwenye tundu. Juu ya tairi la lori lililolazwa chini, amenyoosha miguu, chupa ya maji mkononi, alikuwa ameketi rafiki yangu. Ameketi kabisa! Uzito wake wote uko pale chini. Kocha alitazama saa, akasema "haya," naye akainuka, akaenda mstarini, akakimbia. Sijawahi kumwona mtu akiondoka vile. Vumbi lilibaki nyuma likitafuta aliyepita. Akarudi akitembea, akaketi tena.

Mtu mwenye akili timamu angeelewa hapo hapo. Nilikuwa na kila kitu mbele ya jicho langu moja: kocha, saa, tairi, mtu anayekaa na mtu anayepaa. Lakini unajua nilifikiri nini? Nilifikiri, maskini, anamaliziwa mbio zake. Nilijiambia kocha amekwisha kumkataa, na kwa kuwa ni mwanamke mwenye roho nzuri anamkalisha ili zivuje kidogo kidogo, asipate aibu ya kuambiwa. Nilikaribia kupiga kelele, "Simama, ndugu yangu! Zinatoka!"

Kilichonichoma kilikuwa kingine. Alikuwa Kawangware bila mimi. Hakuwa ameniambia kwamba anakwenda, na jinsi alivyokwenda moja kwa moja kwenye lile tairi bila kuangalia lilipo, ilionekana haikuwa mara ya kwanza.

Jioni alikuja kibandani kwangu kama kawaida, akaegemea mlango.

"Umeshinda wapi leo?" nilimuuliza.

"Soweto West, kupeleka maji. Mzigo mpaka mgongo umeisha." Akajishika mgongo, akakunja uso vizuri kabisa.

Nilikuwa na kiatu cha mtu mkononi. Nilikigeuza, nikakitazama soli, nikakigeuza tena. Ningeweza kusema, nimekuona. Neno moja tu. Lakini nilijua kwamba nikilisema atalazimika kunijibu, na jibu lake likishatoka, mwaka mzima wa godoro moja utalazimika kupimwa upya, kila siku yake, kila kicheko. Niliogopa kazi hiyo. Nikamwambia pole. Nikammiminia chai. Akanywa vikombe viwili, akanishukuru, nami nikarudia kupigilia kile kiatu.

Baada ya hapo niliendelea na mazoezi, lakini nilikuwa nikipanda kilima na mtu ambaye simjui. Alinihimiza bado. "Ishirini, buda, usisimame!" Na mimi nilitii, kwa sababu nafasi ilikuwa bado wazi mlangoni mwa klabu, na njia pekee niliyoijua ya kufika pale ilikuwa imetoka kinywani mwake.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi asubuhi. Tulitembea pamoja, tukavuka Ngong Road, yeye akipiga mluzi. Uwanjani nikaona ile orodha kwa mara ya kwanza, karatasi ngumu iliyopigiliwa kwenye mlango wa stoo, na pengo lake mbele ya mita mia. Kocha akasema tutakimbia mara mbili.

Mara ya kwanza alinishinda kwa hatua tatu. Nikajiambia bado mbio ninazo, sijakaa tangu ile Jumatatu, zitatoka tu. Tulipokuwa tukingoja ya pili, rafiki yangu alikwenda kwenye lile tairi akaketi, wazi, mbele yangu. Macho yetu yakakutana. Akayahamisha akatazama mabati.

Mara ya pili nilianza vizuri. Mita thelathini nilikuwa begani mwake, na kwa muda huo mfupi nilikiona kila kitu: kalamu, karatasi, jina. Kisha miguu ikakataa. Haikuuma; ilikataa tu, kama punda aliyejiamulia kwamba amefika nyumbani. Nilisukuma na hapakuwa na kitu cha kusukumia. Yeye alifika, akapumua, nadhani alipata hata muda wa kuoa na kuzaa mtoto wa kwanza, ndipo mimi nikafika.

Kocha aliandika jina lake. Nilimwona akiandika, herufi moja moja. Nikaenda nikampa rafiki yangu mkono, na yeye akaupokea akiangalia viatu. Halafu nikashikilia ule mlango wa stoo ili nibaki wima.

"Wewe kaa chini kabla hujaanguka," kocha aliniambia.

"Siwezi, kocha."

"Kwa nini huwezi?"

"Si wewe ulisema? Zitavuja."

"Nini itavuja?"

"Mbio."

Alinitazama kuona kama ninamchezea. "Ulipumzika siku ngapi wiki hii?"

"Hakuna hata moja. Na sijakaa miezi mitatu, kocha, uliza mtu yeyote Kambi Muru."

Wakimbiaji wengine walianza kucheka, halafu wakaacha. Kocha aligeuka akamtazama rafiki yangu, ambaye alikuwa ameanza kutafuta kitu ndani ya begi lake, begi lile la zipu niliyoishona. Kocha akatoa simu yake, akatafuta kwa kidole, akaiweka kati yetu. Ikasikika sauti yake mwenyewe, ule ujumbe wa miezi mitatu iliyopita.

"Kilima mara sita tu. Kila mkimaliza moja mkae chini dakika nne au tano, mwili urudi. Siku moja kazi, siku moja mapumziko. Na umwambie mwenzako, maana simu yake haipokei hii."

Umwambie mwenzako. Nilisikia neno mwenzako likitoka kwenye simu kama vile nimeitwa kwa jina.

"Ningefanya aje?" rafiki yangu akasema, bila kuinua kichwa. "Nafasi ilikuwa moja, buda."

"Ungeniambia nikae."

"Ningekuambia, ungenishinda."

Ndiyo sifa kubwa zaidi aliyowahi kunipa, na sijui mpaka leo niiweke wapi. Alijua mimi ndiye mwepesi. Alijua tangu zile Jumapili za Olympic, wakati mimi nilidhani tuko sawa, na akalala karibu yangu akijua hivyo.

Siku hizi nina makalio. Nasema bila aibu. Yule mama mteja wangu amekwisha kunishauri ninunue suruali kubwa kabla hizi hazijalipuka. Napanda kile kilima mara sita, siku tatu kwa wiki, na baada ya kila moja nakaa juu ya jiwe kama chifu. Shule ya jioni nilimaliza, nikiwa nimeketi. Napanda peke yangu. Yeye alihamia Kawangware mwezi ule ule, na tukikutana barabarani tunasalimiana, "niaje," "poa," kama watu waliowahi kupanga foleni moja bombani.

Lakini turudi asubuhi ile, pale mlangoni mwa stoo. Kocha alimwambia aende kwanza, akaenda, na jina lake likabaki mlangoni kwa sababu saa ilikuwa imempa yeye ushindi. Tukabaki wawili. Kocha akaliburuta lile tairi mpaka nilipokuwa nimesimama.

"Sikiza," akasema. "Hakuna kitu kinavuja. Hiyo ni misuli, kama hii ya mkono. Ukiifanyisha kazi unaichosha. Ukipumzika na ukila vizuri, ndipo inakua. Wewe uliichosha miezi mitatu na hukuipa siku ya kukua, ndiyo maana umeshindwa. Sasa kaa chini."